Shemeji yangu Mmarekani kaniomba ushauri: uwanja wa gofu wa manispaa uwekewe viwanja vya pikoboli au waache? Wana Mwanza njooni hapa

Shemeji wa Watu (mleta mada)

Mwangaluka wakuu. Nipo Kirumba, kazi zangu ni za hapa hapa, ila dada yangu kaolewa Marekani na mumewe Mmarekani mwenyewe, Kiswahili cha kuombea maji anacho. Sasa mwaka huu shemeji wamemchagua kwenye kamati ya uwanja wa gofu wa manispaa ya mji wao, mji mdogo tu. Kule mjue gofu sio lazima klabu ya matajiri, manispaa inakuwa na uwanja wake kama sisi tulivyo na stendi na soko, mwananchi unaenda unalipa unacheza unaondoka.

Kuna watu wameomba wawekewe viwanja nane vya mchezo unaitwa pikoboli (pickleball) ndani ya eneo hilo hilo la gofu. Sehemu waliyoiona inafaa ni kale ka-uwanja ka nyasi fupi ambako wacheza gofu wanafanyia mazoezi ya kusukumia mpira shimoni, pale pembeni kabisa, ukivuka fensi ni nyumba za watu, kama mita 40 hivi. Wa gofu wamenuna, majirani wamenuna zaidi, wa pikoboli wanajaza kila kikao, na shemeji anatakiwa kupiga kura mwezi ujao. Juzi katupia kwenye grupu la familia, "nyie mngefanyaje?", mama akamjibu "baba pandeni mahindi", mjadala ukafia hapo.

Kwa wasioujua huo mchezo, kiwanja chake ni mita 13.4 kwa 6.1, wavu wa chini unafika kiunoni (sentimita 91 pembeni, katikati 86), mnashika vibao vigumu visivyo na nyuzi, mpira ni wa plastiki una matundu matundu. Mnacheza wawili au wanne, wa kwanza kufika 11 kashinda ila lazima azidi kwa mbili. Ulianza 1965 kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, wazee wawili Joel Pritchard na Bill Bell walirudi nyumbani wakakuta watoto wamekaa wananung'unika hawana cha kufanya, wakatafuta vifaa vya badminton hawakuvipata vyote, ndo wakaunga unga na vibao vya tenisi ya mezani. Leo ndo imekuwa homa.

Nawasilisha. Nataka majibu ya maana nimpelekee mtu, sio kejeli.

Sato Choma

Mkuu hapa kwetu Jumanne yote maji hakuna, ndoo zimepanga foleni hadi barabarani, we unatuletea habari za mpira wa achari wa Marekani. Haya siti ya mbele nimeshakaa.

Binti Sengerema

Mpira wa achari kivipi tena Sato 😂

Sato Choma

Si ndo jina lake, piko (pickle) kwa Kiingereza ni achari. Kuna mbwa wa yule mzee alikuwa anaitwa Pickles, anakimbia na mpira wakaupa mchezo jina.

Mrudi Nyumbani

Hiyo ya mbwa ni chai Sato. Mbwa alikuja baadaye, akapewa jina la mchezo. Mke wa Pritchard, Joan, ndo alitoa jina, alichukua kwenye mashindano ya makasia, kuna mtumbwi unajazwa wapiga makasia waliobaki baada ya timu kupangwa, unaitwa piko. Na mchezo wenyewe ni mabaki, wavu wa badminton, vibao vya mezani, mpira wa watoto. Tena nyie wa Mwanza mnaopiga kelele kwenye mashindano ya mitumbwi ndo mlitakiwa mlijue hilo.

Turudi kwenye mada. Mimi nilisoma huko miaka kadhaa na huu mchezo nimeucheza sana, kwenye ukumbi wa kanisa na wazee waliostaafu wakanichakaza vibaya mno, bibi wa miaka 70 kasimama sehemu moja tu anakutuma kulia kushoto kama mtoto wa dukani. Utamu wake uko hapo, kiwanja kidogo, mbio hakuna, nguvu sio hoja. Kuna eneo karibu na wavu, kama mita mbili na kidogo, wanaliita jiko, ukiwa umekanyaga humo huruhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda. Kwa hiyo mwenye misuli hawezi kusimama pale akawa anawapiga wenzake misumari.

Afu hauendi na timu. Unafika na kibao chako unakipanga kwenye foleni pale fensini, vibao vinne vya mbele vikifika zamu mnaingia, hamjuani, robo saa mmemaliza mnapanga tena. Nimepata marafiki pale kuliko chuoni. Kwa hiyo mimi nasema waweke. Gofu masaa manne watu wanne wamepotelea vichakani, pikoboli muda huo huo viwanja nane vimehudumia watu sijui wangapi.

Ng'wana Igoma

+1 kwa Mrudi. Gofu ni mchezo wa wakubwa na vitambi vyao, eneo la ekari mia na zaidi kwa ajili ya watu wachache wanaosukuma kitu kama yai la njiwa, na hela ya kumwagilia inatoka kwa mlipa kodi. Vunja weka viwanja vya wananchi. Kura ya NDIYO, mpelekee hiyo.

Kedi Mstaafu

Ng'wana Igoma punguza jazba kidogo. Nimebeba mabegi ya gofu Kisumu, pale Nyanza Club, mashimo tisa ziwa hili hapa, enzi nina miguu. Wanasimulia pale kulikuwa na sheria ya zamani kwamba mpira ukiangukia karibu na kiboko au mamba unaruhusiwa uangushe mwingine mahali salama. Watu mnacheka ila kiboko wa kweli anatoka ziwani jioni anakula majani hayo hayo mnayochezea. Ninachotaka kusema ni kwamba gofu nimeiona kwa jicho la mbeba begi, sio la mwenye begi.

Sasa huo uwanja wa manispaa anaosema mleta mada ndo gofu ya maskini. Tajiri ana klabu yake ya kulipia ada ya mwaka, hana habari na manispaa. Anayeenda manispaa ni fundi bomba, mwalimu, mzee wa pensheni, wengi wanajibebea mabegi wenyewe. Ukiwavurugia pale hao ndo hawana pa kwenda, tajiri wala hajui kama kuna kikao.

Na hako ka-uwanja ka mazoezi mnakaona kapo tupu kwa sababu hamkai pale. Asubuhi wapo wazee ambao mashimo 18 hawayawezi tena, wanakuja kusukuma mipira mitano wanapiga stori wanarudi nyumbani. Jioni watoto, maana sehemu nyingi pale hulipi. Mpeni shemeji kazi moja, akakae pale siku tatu na daftari ahesabu watu, asubuhi mchana na jioni.

Dagaa wa Mwaloni

Kedi umenikumbusha kitu. Mtaani kwetu kulikuwa na kiwanja cha chandimu, siku wakubwa walipokuja kukiangalia ilikuwa saa nne asubuhi, watoto wako shule, wakaandika "eneo la wazi halitumiki". Leo kuna godauni. Ile karatasi mimi niliiona kwa macho yangu, HALITUMIKI, na magoli ya mabua yalikuwa yamesimama pale pale nyuma ya mtu anayeandika.

Ng'wana Igoma

Pole Dagaa ila godauni na kiwanja cha michezo sio kitu kimoja, pale mchezo unatoka unaingia mchezo.

Dagaa wa Mwaloni

Kwa mtoto aliyefukuzwa ni kitu kimoja.

Mhandisi wa Nyegezi

Wakuu tuongee namba kidogo maana hapa watu wanabishana kwa hisia. Mistari ni 13.4 kwa 6.1 sawa, ila mchezaji anarudi nyuma anatoka pembeni, kwa hiyo kila kiwanja kinahitaji angalau mita 18.3 kwa 9.1, sawa na mita za mraba kama 167. Mara nane unapata 1,340 hivi. Uwanja wa mpira wa 105 kwa 68 ni 7,140, kwa hiyo viwanja vyote nane havifiki hata moja ya tano ya uwanja wa mpira. Ni kama theluthi ya ekari. Gofu ya mashimo 18 inakula ekari kama 150. Kwa hiyo anayesema pikoboli itameza gofu anatia chumvi, na anayesema lazima viwe pale pale kwenye nyasi za mazoezi naye aulizwe, kwenye ekari 150 theluthi moja imekosekana?

Tatizo la ardhi liko kwenye magari. Viwanja nane mara watu wanne ni 32 wanaocheza, weka na wanaosubiri wenye vibao fensini, na Mmarekani kila mmoja na gari lake. Gari moja na njia yake ya kupitia ni mita za mraba 25 hadi 30. Magari 45 tu unakaribia mita za mraba 1,200, karibu sawa na viwanja vyenyewe! Hilo kwenye maombi lipo? Nina uhakika halipo, kwa sababu hata hapa kwetu ramani ya ukumbi ikiletwa parking huwa ni kamstari ka penseli pembeni.

Halafu chini ya zile nyasi kuna mabomba. Nyasi fupi vile haziishi bila kumwagiliwa, kwa hiyo pale chini kuna bomba, valvu na waya, na likikatwa moja unaweza kukuta umekausha na mashimo mengine ya mbele. Kuhamisha hayo ni hela, na huwa yanagundulika siku ambayo kijiko kimeshachimba. Na kama mji wao una baridi ya barafu ardhi inaganda inavimba, zege jembamba linapasuka msimu wa kwanza. Sisi huku shida yetu ni jiwe, wao ni barafu.

Vingine: viwanja vielekee kaskazini kusini jua lisimpige mtu machoni, mteremko asilimia moja maji yatoke. Na visikae upande wa kulia wa pale wanapoanzia kupiga gofu, maana anayeanza mchezo mpira wake huwa unakata kona kwenda kulia. Mpira wa gofu ukikupata kichwani huo sio mchezo tena.

Kedi Mstaafu

Hapo kwenye kulia Mhandisi umeongea kama umebeba begi. Mkono wa kulia wote, mpira unakata kulia. Mie nilikuwa nasimama kushoto siku zote nimeweka begi mbele ya magoti.

Binti Sengerema

Swali la kijinga. Majirani wamenunia nini sasa? Mpira wa plastiki kweli unaweza kumnyima mtu usingizi? Waje wakae karibu na baa za huku kwetu, wakae na spika ya mkesha mpaka saa kumi na moja alfajiri, ndo watajua kelele ni nini. Wazungu wanadeka.

Sato Choma

Hahaha kweli wanadeka. Mimi nimepanga ukuta mmoja na mashine ya kuranda mbao na nalala.

Mrudi Nyumbani

Kwenye kelele ngoja niwe mkweli ingawa naupenda mchezo. Kibao kigumu, mpira mgumu, inalia PAA. Haifanani na tenisi ile ya "pum" nzito. Huko watu wamepelekana mahakamani kwa hiyo sauti, na kuna miji imefunga viwanja ilivyojenga yenyewe.

Mhandisi wa Nyegezi

Naongezea. Kipimo kinachotajwa sana kule ni kama desibeli 70 ukiwa mita 30 kutoka kiwanjani. Ukiongeza umbali mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6, kwa hiyo mita 60 unapata 64, mita 120 unapata 58, mita 240 ni 52. Huyo wa mita 40 yuko juu ya 67. Na sauti yenyewe ni ile nyembamba kali ambayo sikio linaikamata upesi, afu haina mpangilio, huwezi kuizoea kama feni. Spika ya baa Binti inapiga siku yake na ina mwisho, na ikizidi mtu anaenda serikali ya mtaa au NEMC, wale wa mazingira. Pikoboli ni saa mbili asubuhi mpaka jioni kila siku iliyo na jua.

Wakijibu "tutapanda miti" wasikubali. Miti inaficha tu usione, sauti inapita. Kinachozuia ni ukuta mzito usio na upenyo, mrefu kiasi cha kuziba macho kati ya mchezaji na dirisha la jirani. Nyumba ya ghorofa imekwenda na maji.

Ng'wana Igoma

Desibeli desibeli. Mtu hajasikia anaanza kuogopa. Mleta mada we umeshausikia huo mlio?

Shemeji wa Watu

Kwenye video tu mkuu. Na kwenye video unapunguza sauti ukitaka, jirani hana kitufe. Ngoja nifikirie kitu.

Mama Wawili Pasiansi

Mi nachangia kama mfanyabiashara. Uwanja wa gofu una mgahawa si ndiyo? Wacheza gofu wanatembea masaa manne, wakitoka wana njaa na kiu wanakaa wanaagiza. Hawa wa vibao wanaopanga foleni tena na tena kama Mrudi alivyosema, je wanakula? Mimi nauza chakula karibu na viwanja na wateja nawajua, kuna wa mpira anayekuja na chupa yake ya maji na karanga kwenye soksi.

Mrudi Nyumbani

Mama umenikamata 😂 tulikuwa tunakuja na viti vyetu, maji yetu, na ndizi. Sijawahi kununua hata soda.

Mama Wawili Pasiansi

Haya. Kwa hiyo atakayemwambia shemeji "mapato yataongezeka" amuulize yanatoka wapi, kiingilio shilingi ngapi kwa kichwa na nani anakaa getini kukusanya. Kiingilio kisipokuwepo gofu ndo itakuwa inawalisha wa vibao, mwisho wa mwaka mfuko umetoboka.

Shemeji wa Watu

Nimemuuliza hapo hapo Mama. Anasema uwanja unajitegemea, manispaa haiutilii hela, ukipata hasara unapandisha bei ya gofu. Na hao walioomba pikoboli waliandika kwenye barua kwamba iwe BURE. Kimya kikatanda kwenye simu, nadhani ndo alikuwa anaviweka hivyo viwili pamoja kwa mara ya kwanza.

Jiwe Juu ya Jiwe

Nimesoma uzi wote. Kwa nini wajenge kwanza? Vipimo vya pikoboli na vya badminton ya watu wanne ni vile vile, 13.4 kwa 6.1, tofauti ni wavu tu, wa badminton uko juu mita moja na nusu na kidogo. Kwa hiyo hakuna haja ya zege wala kura. Wachukue kona ya parking ya huo uwanja wa gofu, wapige rangi mistari, walete nyavu za kukunja, wacheze miezi mitatu, wahesabu watu, wapime sauti dirishani kwa jirani, na walipishe. Isipokubalika unafuta rangi. Nyasi za wazee wa Kedi zipo pale pale.

Mhandisi wa Nyegezi

Jiwe hapo umenipiga bao. Ila parking iwe imenyooka.

Ng'wana Igoma

Majaribio ndo njia ya kuua kitu. Miezi mitatu, ripoti, kikao, ripoti ya kikao, watu wanazeeka.

Jiwe Juu ya Jiwe

Ndiyo maana unaandika tarehe ya kupiga kura siku ile ile unayopaka rangi.

Shemeji wa Watu

WAKUU NIMERUDI. Samahani kwa kimya cha wiki, nilikuwa kwenye utafiti. Kaeni vizuri ni ndefu.

Yule Ng'wana Igoma aliponiuliza kama nimesikia nikaona kweli, namshauri mtu kwa kitu ambacho sikijui. Mpira nilipata, dada alituma pakiti ya mipira sita kwa mtu aliyekuwa anakuja, sita yote ya njano ina matundu 40. Vibao nikasema hapana, wale wazee wa 1965 baada ya vile vya mezani walikata vya plaiwudi, na sisi plaiwudi ipo. Nikaenda kwa fundi seremala Mabatini nikamchorea kwenye karatasi, akaniuliza "hii ni ya kuchomea mikate?" nikamwambia we kata. Vinne, vishikio kavizungushia mpira wa tairi la baiskeli, safi kabisa.

Jumamosi asubuhi tukaomba uwanja wa saruji wa shule moja hapa juu mlimani, sitaitaja, mkuu wa shule ni mtu poa. Tukapima kwa futi kamba, mistari ya chaki, wavu tukafunga ule wa samaki wa jamaa yangu, tukaukunja mpaka ukafika kiunoni. Tuko sita, mimi, watoto wawili wa dada mkubwa, jirani, na vijana wawili waliokuja kushangaa.

Wakuu MCHEZO MTAMU. Niseme tu ukweli. Dakika kumi watoto wameshaelewa, nusu saa tunabishana kama mtu kakanyaga jikoni. Mimi nina kilo zangu 94 na nimecheza saa nzima.

Sasa dakika ya 40 hivi akatoka bibi nyumba ya chini, kashika kiuno, kapanda ngazi za mawe taratibu mpaka kwetu. Tukasimama tukamwamkia, shikamoo bibi. Marahaba. Akaangalia kile kibao, akaangalia mpira, akasema "kumbe ni mchezo. Mimi nikajua wamekuja wa kokoto." Sisi kimya. Akasema yeye amegonga kokoto miaka mingi, mawe haya haya ya mlimani, alijengea nyumba na kusomeshea watoto, na ile sauti mpaka leo akiisikia mkono wa kulia unamuuma. Akasema "sio kubwa. Ila unaingoja. Tak, tak, halafu inakaa, unasema imeisha, tak."

Jamani Mhandisi na desibeli zako zote hukulisema hilo. UNAINGOJA.

Tukamwomba radhi tukasimamisha. Akakataa, akasema watoto wamalizie, ila tusianze asubuhi kabla jua halijapanda na Jumapili tusije. Kutoka pale mpaka kwake nilihesabu hatua, ni kama mita 60.

Nikampigia shemeji usiku ule nikamsimulia yote neno kwa neno, dada akitafsiri. Akakaa kimya, akasema kikaoni kila jirani aliyesimama alisema "ni kelele kubwa", na wa pikoboli wakaleta mashine ya kupimia wakaonyesha sio kubwa, basi ikaonekana majirani waongo. Kumbe wote walikuwa wakweli.

Binti Sengerema

Mimi nilisema wazungu wanadeka. Nafuta kauli. Bibi yangu naye wa kokoto.

Dagaa wa Mwaloni

Ukienda tena mpelekee bibi sukari mkuu.

Mhandisi wa Nyegezi

Nimekubali yaishe. Mipira ya matundu ya kuchezea nje ndo migumu zaidi, kuna ya povu laini inayopunguza mlio sana ila wachezaji wazuri hawaipendi inavyodunda. Mwambie shemeji aweke kwenye masharti ya majaribio, asubuhi ya povu tu. Na kipimo kikae dirishani kwa jirani, waandike pia muda wa ukimya kati ya mlio na mlio, sio ukubwa tu.

Kedi Mstaafu

Na daftari langu la kuhesabu watu je?

Shemeji wa Watu

Mrejesho wa mwisho. Kedi, shemeji alikwenda, siku tatu kama ulivyosema. Siku ya katikati ya wiki alihesabu watu 31 kwenye hako ka-uwanja "kasikotumika", 12 ni wazee ambao hawakucheza shimo hata moja. Anasema mmoja alimuuliza unafanya nini na daftari, akamjibu, yule mzee akarudi na wenzake wanne ili wahesabiwe vizuri.

Kikao kilikuwa juzi. Hawakupiga kura ya viwanja nane. Shemeji alileta hoja ya Jiwe, viwanja vinne vya mistari ya rangi kwenye parking ya juu, ambayo iko mbali na fensi, karibu na pale wanapohifadhi vigari vya gofu, kiingilio kila mtu, mwisho saa kumi na mbili jioni, Jumapili asubuhi hapana, na tarehe ya uamuzi wakaiandika. Ilipita kwa kura moja. Wa pikoboli walitoka wamenuna kwa ajili ya kiingilio, wa gofu wakanuna kwa ajili ya parking, jirani wa fensi mmoja alimpa mkono. Baada ya miezi mitatu ntawaambia kilichoamuliwa.

Ng'wana Igoma

Kura moja! Ningekuwepo mimi ingepita nane.

Sato Choma

We Igoma ungekuwa umelala kwenye kiti. Mleta mada hivyo vibao vya plaiwudi fundi anachaji ngapi? Kuna eneo la saruji huku Buzuruga, majirani pande zote ni gereji, hapo hata ukipiga risasi hakuna anayegeuka.

Shemeji wa Watu

Elfu nane kimoja, ukichukua vinne anakufanyia thelathini. Mipira nimebakiwa na mitano, mmoja ulidumbukia kwenye mawe hatukuuona tena. Njoo inbox nikupe namba.

Mama Wawili Pasiansi

Gereji za Buzuruga Jumamosi mnaanza saa ngapi? Nije na sufuria.